Ukilipenda Gemu, Sema Umependa Nini

Julai mwaka 2013, bunduki moja ya kwenye gemu ilipunguzwa kasi. Gemu lenyewe ni Call of Duty: Black Ops II, na bunduki inaitwa DSR 50, ile ya kudungulia watu kutoka mbali. Kabla ya marekebisho, muda wake wa kufyatua ulikuwa sekunde 0.2. Baada ya marekebisho ukawa sekunde 0.4. Basi! Hiyo ndiyo habari yote.

David Vonderhaar, mmoja wa wakuu wa usanifu katika studio ya Treyarch kule California, akaanza kumiminiwa vitisho, yeye na familia yake, kwa sababu ya sekunde 0.2 hizo. Akajibu hadharani kwa utulivu uliowashangaza wengi: alitaja marekebisho yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, kisha akasema haoni kama vipande hivyo vya sekunde vinastahili mtu kutishiwa.

Nimekianza kipindi na kisa hicho kwa sababu moja. Ndani ya kelele zile kulikuwa na hoja halali. Kuna wachezaji waliokuwa wametumia miezi wakiizoea bunduki ile, na walikuwa na haki kamili ya kusema: hapa mmezidisha, au mmegusa kisichokuwa na tatizo. Hoja hiyo ilizama. Anayesoma vitisho dhidi ya wanawe hana tena akili ya kukaa na kupima nani kasema kweli kuhusu mwendo wa risasi. Waliotukana waliwaziba midomo wenzao waliokuwa na la kusema.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya namna wachezaji wa magemu wanavyowaambia watengenezaji yaliyo moyoni mwao. Lipo shauri linalorudiwa sana: anza na sifa, ingiza lawama katikati, malizia na sifa. Mimi silipendi. Mtu mzima akisikia sifa ya kwanza anajua kabisa kwamba kuna kitu kinakuja nyuma yake, hivyo hata ile sifa haimwingii. Na mizani ya sifa na lawama haipimwi kwa kuhesabu sentensi, huku tatu na kule tatu. Kinachotakiwa ni kwamba kila unachokisema, kiwe kitamu au kichungu, kiwe na kitu ndani ambacho mwenye kazi anaweza kukishika.

Tuangalie kwanza mahali maoni haya yanapotolewa. Valve, kampuni ya Marekani yenye duka kubwa la magemu ya kompyuta liitwalo Steam, iliwafungulia wanunuzi mlango wa kutoa maoni mwishoni mwa mwaka 2013. Utaratibu wake ni mwepesi mno: dole gumba juu au dole gumba chini, kisha maandishi. Katikati hakuna. Uliyefurahia hadithi lakini ukachoshwa na mapigano, uliyelipenda gemu ila linakwamakwama kwenye mashine yako, wote mnaambiwa mchague upande. Duka linajumlisha madole hayo na kuyageuza kuwa neno moja linalobandikwa juu ya gemu, na mnunuzi mwenye haraka husoma neno hilo tu.

Lakini kuna jambo moja ambalo Steam walilifanya vizuri. Kando ya kila maoni wanaonyesha mwandishi amecheza saa ngapi. Hapo ndipo utamkuta mtu aliyecheza saa 2,000, halafu ameweka dole chini. Saa 2,000 ni karibu kazi ya mwaka mzima ya mtu wa ofisini! Wengi humcheka: kama gemu ni baya, ulikuwa unafanya nini humo? Mimi simcheki. Huyo analijua gemu kuliko baadhi ya waliolitengeneza, na akikuambia kwamba toleo la mwezi uliopita limeua kitu, msikilize. Aliyecheza dakika kumi na tano naye ana lake, ila ni jingine: atakuambia kwamba mlango wa kuingilia ni mgumu, kwamba maelezo ya mwanzo hayaeleweki, kwamba gemu halikuwaka kabisa. Akianza kukuhubiria juu ya mwisho wa hadithi, mwache aende.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kilitugusa hata sisi. Februari 2024 lilitoka Helldivers 2, kazi ya studio ya Arrowhead ya Stockholm, Uswidi, chini ya Sony. Ni gemu la ushirikiano, watu wanne dhidi ya wadudu na maroboti, limejaa mzaha, na lilipendwa kupita matarajio ya wenyewe. Mwanzoni mwa Mei, Sony ikatangaza kwamba kila anayelicheza kwenye kompyuta kupitia Steam lazima aliunganishe na akaunti ya PlayStation Network. Ukiwa London, hilo ni kero ya dakika tano. Ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni jambo jingine, kwa sababu huduma hiyo haikuwa imefunguliwa rasmi katika nchi zetu. Wanaotumia PlayStation huku kwetu wanaijua hadithi hii vizuri: unafungua akaunti ukijidai unaishi Marekani au Afrika Kusini, na unaomba Mungu isije ikafungiwa. Na kweli, gemu hilo liliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi na maeneo 177. Watu waliokwisha kulipa fedha zao wakabaki hawajui kama kesho wataingia.

Wachezaji wakaja juu. Ndani ya siku chache maoni ya dole chini yalipita 200,000. Sony ikarudi nyuma. Tarehe 6 Mei ikatangaza kwamba sharti limefutwa. Kisha likatokea ambalo halitokei mara nyingi: wachezaji wakaanza kuambizana warudi kwenye maoni yao wageuze madole. Wengi waligeuza. Johan Pilestedt, aliyekuwa akiiongoza Arrowhead, hakujificha. Alikiri mbele za watu kwamba sehemu ya lawama ni yake, kwa kuwa sharti lile alilijua mapema. Na mchoro wa Steam unaoonyesha madole yalivyoporomoka akautania, kwamba unafaa kuwekwa kwenye joho la wapiganaji wa ndani ya gemu.

Ninaupenda ushindi ule, lakini nina la kusema juu yake. Lawama ile ilifanikiwa kwa sababu ilikuwa na dai moja lililo wazi, dai ambalo mtu mwenye mamlaka angeweza kulitekeleza kwa tangazo la mistari michache. Wachezaji hawakusema gemu ni bovu. Walisema: ondoeni sharti hili. Tatizo ni chombo walichokitumia. Dole chini halijui kutofautisha. Aliyekuwa akipita dukani wiki ile aliona maelfu wakilikataa gemu lenyewe, wakati waliokuwa wakilikataa ndio hao hao waliokuwa wakilicheza usiku kucha. Wasanifu na wachoraji waliokuwa Stockholm walibeba mzigo wa uamuzi ambao haukuandikwa na wao. Na katika nchi nyingi zilizoondolewa, gemu halikurejea sokoni upesi hata baada ya sharti kufutwa. Yaani tuliotolewa mfano katika hoja ndio tuliobaki nje mlangoni.

Valve wenyewe wanajua ubovu wa chombo chao. Mwaka 2017 waliongeza mchoro unaoonyesha maoni yalivyopanda na kushuka siku kwa siku, ili mnunuzi ajionee kama kuna wiki moja ya hasira. Machi 2019 wakaenda mbele zaidi: pakitokea wimbi la ghafla, wafanyakazi wao hulichunguza, na wakiona chanzo chake kiko nje ya gemu, maoni ya kipindi hicho hayaingizwi kwenye hesabu. Hayafutwi, yanabaki yakisomeka. Ni suluhisho la nusu nusu, na sidhani kuna jingine lililo bora zaidi. Nani ataamua lipi liko nje ya gemu? Akaunti ya Sony iko ndani au nje? Kwa mtu wa Tanga aliyefungiwa mlango, iko ndani kabisa.

Tuache chombo, tuje kwenye maneno yenyewe. Kuna Mmarekani aitwaye Mark Rosewater ambaye kwa miaka mingi ameongoza usanifu wa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering. Mwaka 2016 alitoa mhadhara mbele ya watengenezaji wa magemu akieleza aliyojifunza katika miaka 20. Moja katika hayo lilikuwa hili: wachezaji ni hodari wa kugundua kwamba kuna tatizo, lakini si hodari wa kulitibu. Kuna wachezaji wanaolichukia neno hilo, wanaliona la dharau. Mimi naliona la haki. Mteja akimrudishia fundi cherehani shati na kusema “shati hili baya,” hajamwambia kitu. Akisema “ongeza inchi mbili mgongoni,” huenda anampoteza. Akisema “linanibana kwapani nikinyanyua mkono,” amempa kila kitu. Fundi atajua mwenyewe wapi pa kufumua.

Hali ni hiyo hiyo kwenye gemu. Mchezaji anaandika: “Mpunguzieni nguvu yule adui wa mwisho.” Huenda nguvu za adui ziko sawa, ila kamera inageuka vibaya na humwoni anapokuja. Angeandika kwamba kila anapokufa huwa hajaona kilichompiga, mtengenezaji angeitazama kamera. Kwa hiyo ukiketi kuandika, eleza kilichokupata. Ulikuwa wapi, ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini, simu yako ni ya aina gani. Ni kazi, nakubali. Lakini ni kazi ya mistari minne.

Hapo lazima niseme neno juu ya vibanda vyetu vya gemu, maana ndiko wengi wetu tulikojifunzia kulalamika. Kijana amefungwa dakika ya 90, anaitupa pedi, anasimama: “Gemu limenionea!” Aliyemfunga anacheka, na kwake gemu hilo hilo ni zuri ajabu. Nyingi ya zile nyota moja moja zinazowekwa kwenye maduka ya programu ni za huyu kijana. Amefungwa, basi. Ushauri wangu kwake ni mdogo: usiandike usiku huo. Lala. Asubuhi ukiamka bado unaona golikipa anaachia mashuti mepesi kila mara upande ule ule, andika.

Na wakati mwingine kijana ana haki. Septemba 30 mwaka 2021 Konami ya Japani ilitoa eFootball 2022, mrithi wa PES, ambayo wakubwa kidogo tunaikumbuka kama Winning Eleven. Kwa siku chache likawa miongoni mwa magemu yenye alama mbaya kuliko yote kwenye Steam. Picha za nyuso za wachezaji maarufu, zimepinda midomo na kutumbua macho, zilizunguka dunia nzima, na nakiri zilikuwa za kuchekesha. Konami iliomba radhi ndani ya siku mbili tatu, ikataja nyuso hizo, pamoja na miondoko ya wachezaji na mwenendo wa mpira. Marekebisho makubwa ya kwanza yalikuja Novemba, na toleo lililostahili kuitwa kamili likasubiri hadi Aprili 2022.

Nyuso zilipata kelele zote. Lakini mtu wa kibandani, anayetazama mechi kutoka juu na kuwaona wachezaji wadogo kama punje, uso wa mshambuliaji unamhusu nini? Kwake yeye balaa lilikuwa pasi zinazochelewa na mabeki wanaosimama kama wamepigwa ganzi. Picha ya kuchekesha inasafiri haraka. Maelezo ya pasi inayochelewa hayasafiri. Mtengenezaji akiongozwa na kelele peke yake, ataanza kurekebisha kinachochekwa na kukiacha kinachouma.

Sasa sifa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, kwa kuwa watu huichukulia sifa kama adabu, au kama zawadi. Kwangu mimi sifa ni taarifa. Mtengenezaji anapokwenda kurekebisha kilicholalamikiwa, anagusa waya nyingi kwa pamoja, na asipojua ni kitu gani watu wanakipenda anaweza kukikata bila kukusudia. Walioridhika kwa kawaida hawaandiki. Wako ndani wanacheza. Wanaobaki mlangoni wakizungumza ni wenye kero. Mtengenezaji anasikiliza mlangoni, anabadilisha gemu kwa ajili ya wale wa mlangoni, na walioko ndani wanashtuka siku moja kukuta nyumba imegeuzwa. Hapo nao wanatoka kulalamika, na wakiulizwa “mbona hamkusema mlikuwa mnaipenda ilivyokuwa?” hawana jibu.

Ila sifa ina ugonjwa wake. No Man's Sky, gemu la anga lenye sayari nyingi zisizohesabika, lilitengenezwa na studio ndogo ya Hello Games huko Guildford, Uingereza. Kwa miaka kadhaa kabla halijatoka lilisifiwa kama vile limekwisha kuchezwa. Sean Murray, kiongozi wa studio, alihojiwa kila mahali, na kila alichoulizwa kama kimo, mara nyingi jibu lilielekea kuwa ndiyo. Mei 2016 tarehe ya kutoka iliposogezwa mbele kwa wiki chache, alitishiwa kuuawa, na mwandishi wa habari aliyeripoti ucheleweshaji huo akatishiwa pia. Tafakari hapo: hakuna mnunuzi aliyekuwa amelicheza bado. Yale mapenzi na ile chuki vilitoka kwenye chungu kimoja, cha watu kujenga gemu vichwani mwao.

Lilipotoka Agosti 2016, siku ya kwanza tu wachezaji wawili walikwenda mahali pamoja kwenye sayari moja wakutane, na hawakuonana. Ahadi ya kukutana haikuwemo. Lawama zilizofuata zilikuwa za haki kwa sehemu kubwa, hata kama lugha yake mara nyingi haikuwa ya haki. Hello Games walinyamaza. Sisemi kimya hicho kilikuwa cha heshima. Watu waliolipa fedha walistahili maelezo. Lakini walifanya kazi. Novemba mwaka huo wakatoa nyongeza ya kwanza kubwa, bure. Julai 2018 wachezaji wakaweza kuonana na kucheza pamoja sawasawa. Nyongeza zikaendelea mwaka baada ya mwaka, zote bure. Mwaka 2019 mashabiki walichanga fedha wakakodi bango la barabarani karibu na ofisi za studio kuwashukuru. Na mwaka 2024, miaka minane baada ya aibu ile, alama ya jumla ya gemu hilo kwenye Steam ilipanda hadi daraja la maoni mazuri sana. Alama hiyo ingebaki chini milele kama waliolaumu mwaka 2016 wasingerudi, na kama wapya wasingejitokeza kusema wamekipenda kipi.

Huku kwetu ugonjwa wa sifa una sura nyingine. Tuna vijana wanaotengeneza magemu, baadhi peke yao na kompyuta moja, wengine katika studio kama Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia. Kijana wa hapa mtaani akitoa gemu lake, kundi la marafiki linamwaga nyota tano siku hiyo hiyo: “Umetisha mwanangu!” “Noma sana!” Wiki ijayo hakuna hata mmoja aliyelifungua tena. Yeye anabaki na nyota tano na mchezaji mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe. Huu ni uchawa, na haupungui ubaya kwa kuwa umefanywa kwa upendo. Mngekaa naye, mkamwambia kwamba mlichoka hatua ya tatu, kwamba herufi ni ndogo kwenye simu za bei nafuu, kwamba matangazo yanaingia katikati ya pambano na kula bando, mngekuwa mmemchangia mtaji. Na mkamwambia pia kwamba ile sauti ya kondakta wa daladala iliwachekesha hadi mkamwita jirani asikilize. Aiache hiyo. Asije akaiondoa kwa kudhani ni utoto.

Kwa upande wa pili, yupo anayeona kwamba kwa kuwa gemu ni la Mtanzania au la Mkenya basi lipimwe kwa kipimo cha studio yenye watu 500. Huyo simwelewi. Gemu la mtu mmoja lina mipaka ya mtu mmoja, na mlaumu mwaminifu hulaumu kilicho ndani ya uwezo wa mwenye kazi. Herufi ndogo zinarekebishika leo jioni. “Michoro si kama ya FIFA” hairekebishiki, na aliyeiandika analijua hilo.

Watengenezaji nao wasidhani nimewasahau. Ukifungua mlango wa maoni, usiwe mtu wa kujibu wanaokusifu tu. Jibu yule aliyekueleza hitilafu kwa mistari minne, mwambie umeiona, na ukiirekebisha mtaje. Anayetukana muondoe bila kujadiliana naye. Ukimjibu kwa ukali, umewaonyesha wengine kwamba tusi ndilo linalokuamsha. Na usihesabu makofi ya siku ya kwanza. Ngoja mwezi upite, tazama nani bado anacheza na anafika wapi.

Mpenzi msikilizaji, maduka makubwa kama Steam na lile la Google kwenye simu yako yanakuruhusu kubadilisha maoni uliyokwisha kuandika. Wachache sana hukumbuka kufanya hivyo. Leo ukipata nafasi, fungua orodha ya uliyowahi kuyaandika. Palipo na nyota moja ya hasira kwa gemu ambalo limesharekebishwa, licheze tena uandike upya. Palipo na nyota tano ulizompa rafiki yako bila kulicheza gemu lake, lipakue ucheze hadi hatua ya tatu, kisha umpigie simu umwambie ukweli.